Kuhamia Uuguzi Ukiwa Chuoni Marekani: Mambo ya Kukamilisha Kabla ya Kuacha Fani Yako

Vijana wengi wa Afrika Mashariki wanaosoma Marekani huanza na uhasibu, biashara au kompyuta, na wakifika mwaka wa pili au wa tatu nia inageukia uuguzi. Wengine wamevutwa na kazi yenyewe baada ya kuuguza mzazi au kuhudumu kwenye nyumba za wazee. Wengine wameshauriwa na shangazi au binamu ambaye tayari ni RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, na anasomesha wadogo zake nyumbani. Sababu zote hizo ni za heshima, na kubadili fani si aibu.

Kinachowaumiza vijana ni mpangilio wa kuhama. Mtu anaaga chuo chake na kuhamia kingine kwa kuwa kinafundisha uuguzi. Akifika anaambiwa kwamba chuo kimempokea, ila programu ya uuguzi haijampokea. Krediti zake nyingi hazina kazi kwenye shahada mpya, na msaada wa karo unakaribia kikomo. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Makala haya yanaeleza hatua za kufuata ili usiuache mkeka ulio nao kabla ya kupata mwingine.

Chagua ngazi kwanza

Uuguzi wa Marekani una ngazi kadhaa, na kila ngazi ina urefu wake, gharama yake na mtihani wake.

CNA ni msaidizi wa muuguzi. Anamwogesha mgonjwa, anamlisha, anamgeuza kitandani, anampima presha na joto. Sheria ya shirikisho inataka mafunzo yasiyopungua saa 75, na majimbo mengi yameongeza juu ya hapo. Hii si shahada, ila ni njia nzuri ya kuijua kazi.

LPN, ambaye Texas na California humwita LVN, husoma takriban mwaka mmoja na kufanya mtihani wa NCLEX-PN. Hufanya kazi chini ya usimamizi wa RN au daktari.

RN ni muuguzi aliyesajiliwa, na huyu ndiye watu wengi humaanisha wanaposema muuguzi. Kuna njia mbili kuu za kufika hapo: shahada ya ADN, ambayo kwa kawaida husomwa kwa miaka miwili kwenye vyuo vya jamii, na shahada ya kwanza ya BSN ya miaka minne. Wote hufanya mtihani uleule wa NCLEX-RN na kupata leseni ileile. Tofauti hujitokeza kwenye ajira, kwa sababu hospitali kubwa nyingi hupendelea BSN. Jimbo la New York limekwenda mbali zaidi: sheria iliyosainiwa Desemba 2017 inawataka RN wanaoingia kazini wapate BSN ndani ya miaka 10 baada ya leseni. Mwenye ADN hajafungiwa, kwani zipo programu za kumalizia BSN, nyingi kwa mtandao, anazoweza kusoma huku akilipwa mshahara wa RN.

Kuna pia ABSN, ambayo ni BSN ya haraka kwa mtu ambaye tayari ana shahada ya fani nyingine. Huchukua kati ya miezi 11 na 18 ya masomo mazito, mara nyingi bila likizo ndefu. Wanafunzi wengi wanaotaka kuhama hawajawahi kuisikia, na kwa baadhi yao ndiyo njia fupi kuliko zote.

Mshahara una sehemu yake katika uamuzi huu. Takwimu za serikali za Mei 2024 zinaonyesha kwamba nusu ya RN nchini Marekani walilipwa zaidi ya dola 93,600 kwa mwaka. Lakini fedha hizo hutoka kwenye zamu za saa 12, usiku, Krismasi na Idi, kwa watu wenye maumivu na familia zenye hofu. Kabla ya kujaza fomu yoyote, mtafute RN wa wodini na umwombe akueleze zamu yake mbaya kuliko zote. Ukisikia hayo na bado unaitaka kazi hiyo, endelea.

Chuo kukupokea ni jambo moja, uuguzi kukupokea ni jingine

Hapa ndipo wengi huteleza. Kwenye vyuo vikuu vingi mwanafunzi huingia kwanza kama mwanafunzi wa maandalizi ya uuguzi. Anasoma sayansi na masomo ya jumla kwa miaka miwili hivi, kisha anaomba upya kuingia kwenye programu yenyewe, akishindana na wenzake kwa nafasi chache. Vipo vyuo vinavyompa mwanafunzi nafasi ya uuguzi tangu siku ya kwanza, lakini nafasi hizo mara nyingi hulengwa kwa wanaotoka sekondari moja kwa moja. Vyuo vya jamii navyo vina taratibu zao: kimoja hutumia pointi, kingine bahati nasibu, kingine orodha ya kusubiri.

Ushindani ni mkali kweli. Chama cha vyuo vya uuguzi cha Marekani, AACN, kilieleza kwamba mwaka 2023 programu za ngazi ya shahada ya kwanza na kuendelea zilikataa maombi 65,766 yaliyokuwa yametimiza vigezo. Waombaji hao hawakuwa wajinga. Vyuo vilipungukiwa na walimu, wauguzi wa kuwasimamia wanafunzi, nafasi za mafunzo wodini na bajeti.

Kwa hiyo, swali la kwanza kwa chuo unachokitaka liandike kwenye barua pepe, na jibu lake ulihifadhi: “Nikihamia kwenu, nitakuwa ndani ya programu ya uuguzi, au nitakuwa nasubiri kushindania nafasi? Mara ya mwisho waliomba wangapi, mlichukua wangapi, na walikuwa na GPA gani?” Chuo kinachowajali wanafunzi kitakujibu kwa namba. Kikikwepa swali, hiyo nayo ni taarifa.

Masomo yanayofungua njia

Programu nyingi zinataka orodha inayofanana: anatomia na fiziolojia ya kwanza na ya pili, mikrobiolojia, kemia, takwimu, saikolojia ya makuzi ya binadamu, lishe, na uandishi wa Kiingereza. Sayansi hizo lazima ziwe na maabara, na si kila programu inakubali maabara ya mtandaoni. Alama ya chini huwa C, lakini anayechukuliwa kwa kawaida ana zaidi ya hapo. Programu nyingi hupiga hesabu ya GPA ya jumla na ya sayansi peke yake.

Angalia mambo mawili mapema. Programu nyingi hukataa somo la sayansi lililosomwa zaidi ya miaka mitano au saba iliyopita. Pia nyingine haziruhusu kurudia somo zaidi ya mara moja, na nyingine huhesabu alama zote mbili. Ukiwa na C ya anatomia, usikimbilie kuirudia kabla ya kujua chuo unachokitaka kinaitazamaje.

Juu ya masomo hayo kuna mtihani wa kuingilia, ambao kwa kawaida ni TEAS au HESI A2. TEAS hupima kusoma, hisabati, sayansi na Kiingereza. Kwa aliyesoma shule zetu za Afrika Mashariki, hisabati yake si ngumu. Panapotaka mazoezi ni kasi ya kusoma na mtindo wa maswali.

Krediti zako zina thamani gani?

Chuo kipya kinaweza kukuambia kwamba kimekubali krediti zako 60. Usifurahi bado. Krediti kukubaliwa ni jambo moja, na krediti kuhesabiwa kwenye mahitaji ya BSN ni jambo jingine. Takwimu, Kiingereza na saikolojia ulizosoma ukiwa mwanafunzi wa uhasibu zitakufaa. Uhasibu wa gharama na sheria ya biashara zitaandikwa kama masomo ya hiari, na BSN ina nafasi chache sana za masomo ya hiari. Na kama tayari umeanza masomo ya uuguzi yenyewe kwenye chuo kingine, jiandae kwa habari ngumu: programu nyingi hazipokei masomo ya wodini kutoka nje, na utaanza upya.

Zingatia pia kalenda. Vyuo vingine hugawa mwaka kwa robo badala ya mihula, na krediti tatu za robo ni sawa na mbili za muhula. Somo lililoonekana limekamilika linaweza kupungukiwa na krediti moja.

Piga hesabu ya njia tatu

Tuchukue mwanafunzi wa uhasibu aliyemaliza krediti 90 kati ya 120. Hajasoma anatomia wala mikrobiolojia. Ana njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuhamia BSN sasa. Atahitaji takriban mwaka mmoja wa sayansi, kisha miaka miwili au zaidi kidogo ya masomo ya uuguzi. Ni kama miaka mitatu, iwapo atapata nafasi mara ya kwanza, na atatoka na shahada moja.

Njia ya pili ni kumaliza uhasibu kwa mwaka uliobaki huku akiingiza sayansi kwenye nafasi za masomo ya hiari na majira ya joto, kisha kuomba ABSN. Inaweza kumchukua miaka miwili na nusu hivi, na atakuwa na shahada mbili. Tatizo ni gharama: ABSN nyingi, hasa za vyuo binafsi, ni ghali, mwanafunzi hawezi kufanya kazi nyingi wakati wa masomo, na ruzuku ya serikali ya Pell haitolewi kwa mtu aliyekwisha kupata shahada ya kwanza.

Njia ya tatu ni chuo cha jamii. Mwaka wa sayansi, miaka miwili ya ADN, leseni, kazi, kisha BSN ya kumalizia, pengine kwa msaada wa mwajiri. Ni ndefu kwenye karatasi lakini karo yake ni nafuu, na mshahara unaanza kabla ya BSN kukamilika.

Aliyemaliza muhula mmoja au miwili tu ana hesabu nyepesi, na kwake kuhama mapema ni busara. Aliyebakiza mwaka mmoja, kwa kawaida namshauri amalize. Shahada iliyokamilika hubaki kuwa yako hata kama uuguzi utachelewa.

Utaratibu wa kuhama, hatua kwa hatua

1. Chagua programu tatu hadi tano, angalau moja ikiwa ya chuo cha jamii. Tengeneza jedwali la masomo ya awali, alama, mtihani wa kuingilia na tarehe ya mwisho ya maombi. Maombi ya uuguzi mara nyingi hufungwa mapema kuliko maombi ya chuo kwa jumla.

2. Soma masomo ya sayansi pale ulipo sasa, kabla ya kuhama. Alama zake zitakueleza ukweli kuhusu uwezo wako, na zitakuwa silaha yako kwenye maombi.

3. Uliza kama vyuo viwili vina mkataba wa uhamisho wa krediti. Palipo na mkataba, jedwali la masomo yanayolingana huwa limeshachapishwa.

4. Kusanya silabasi za masomo yote muhimu. Somo likikataliwa, silabasi ndiyo ushahidi wa rufaa yako.

5. Tuma transkripti za vyuo vyote ulivyopitia, hata kile ulichosoma somo moja ukafeli. Kuficha transkripti kunaweza kukufukuzisha. Lipa madeni pia, maana chuo kinachokudai kinaweza kuizuia.

6. Omba tathmini ya krediti kwa maandishi, ikionyesha kila somo linajaza hitaji gani kwenye BSN au ADN.

7. Usiondoke katikati ya muhula. Masomo unayoyaacha bila kujiondoa rasmi hugeuka F zinazokufuata kila chuo. Ukijiondoa kabla ya asilimia 60 ya muhula, sehemu ya msaada wa serikali uliopokea hurudishwa, na chuo kinaweza kukudai wewe.

Na uwe na fani ya akiba. Kama nafasi ya uuguzi haikupatikana, afya ya jamii au sayansi ya afya hutumia masomo mengi yaleyale.

Kagua programu kabla ya kutoa hata dola moja

Programu lazima iwe imeidhinishwa na Baraza la Uuguzi la jimbo. Bila hivyo hutaruhusiwa kufanya NCLEX. Kisha tafuta ithibati ya kitaifa, ambayo mara nyingi hutolewa na ACEN au CCNE. Ithibati hiyo hukusaidia baadaye unapotaka kuendelea na masomo ya juu. Mabaraza mengi huchapisha asilimia ya wahitimu wanaofaulu NCLEX mara ya kwanza. Tazama miaka mitatu au minne, usitazame mmoja. Uliza pia ni wangapi kati ya wanaoanza wanaomaliza, kwa sababu chuo kinaweza kuwa na ufaulu mzuri kwa kuwaondoa njiani wanaoyumba.

Programu ya mtandaoni iliyo jimbo jingine inahitaji tahadhari zaidi. Waandikie Baraza la jimbo unalotaka kufanyia kazi, uwaulize kama wahitimu wake wanakubaliwa. Kuna mkataba wa leseni unaounganisha zaidi ya majimbo na maeneo 40, lakini unahusu leseni. Hauifanyi kila programu ikubalike kila mahali.

Jihadhari na anayekuambia anajua njia ya mkato. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza mashtaka dhidi ya watu 25 katika uchunguzi ulioitwa Operation Nightingale. Zaidi ya vyeti bandia 7,600 vilikuwa vimeuzwa kupitia shule tatu za uuguzi za Florida. Walionunua waliona wameokoa miaka. Mabaraza ya majimbo yakaanza kuwafuatilia, na wengi wakapoteza leseni na kazi. Hakuna cheti cha uuguzi bila saa za wodini. Anayekuuzia cheti hicho anakuuzia kesi, na anamhatarisha mgonjwa asiye na kosa.

Fedha na mipaka yake

Raia na wenye grini kadi hujaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa serikali, kila mwaka na kuongeza chuo kipya kwenye fomu hiyo, kwa sababu msaada hauhami wenyewe kutoka chuo hadi chuo. Kuna mipaka miwili ya kukumbuka. Ruzuku ya Pell hutolewa kwa jumla ya mihula 12 ya muda wote katika maisha ya mwanafunzi. Na msaada wa serikali unataka umalize ndani ya asilimia 150 ya urefu wa programu: shahada ya krediti 120 ina kikomo cha krediti 180 ulizojaribu, zikiwemo ulizofeli na, kwa kawaida, zile ulizohamisha. Ukikaribia kikomo kwa sababu ya kubadili fani, chuo kinaweza kukuruhusu kukata rufaa. Ifanye mapema.

Raia na wenye grini kadi wanaweza pia kuomba ufadhili wa Nurse Corps wa serikali, unaolipa karo na posho ya mwezi kwa sharti la kufanya kazi angalau miaka miwili kwenye kituo chenye upungufu mkubwa wa wauguzi. Karo ya mkaazi wa jimbo nayo ni nafuu sana kwenye vyuo vya umma, kwa hiyo kabla ya kuhamia jimbo jingine kumfuata ndugu, uliza unahitaji kuishi huko muda gani ili uhesabiwe mkaazi.

Weka akiba ya gharama zisizotajwa kwenye tangazo: sare, vipimo vya kifua kikuu na kinga ya homa ya ini B, uchunguzi wa rekodi za polisi, kipimo cha dawa za kulevya, cheti cha huduma ya kwanza ya moyo, na ada ya NCLEX ya dola 200, mbali na ada ya leseni ya jimbo.

Kama uko kwa viza ya F-1

Kwako, mtu wa kwanza kuonana naye ni DSO, afisa anayesimamia wanafunzi wa kimataifa chuoni kwako. Kubadili fani kunataka fomu yako ya I-20 irekebishwe. Kuhama chuo kunataka rekodi yako ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kimataifa, ihamishwe kwa tarehe mnayokubaliana, na masomo mapya yaanze ndani ya miezi mitano. Baki na mzigo kamili, ambao ni krediti 12 kwa muhula katika shahada ya kwanza, na kati ya hizo somo moja tu la mtandaoni, lisilozidi krediti tatu, ndilo linalohesabiwa. Kanuni hizi hubadilika, kwa hiyo thibitisha na DSO kabla ya kusaini popote.

Uliza kama programu ya uuguzi inapokea F-1, maana si zote. Na nakuomba hili kwa moyo wote: usikubali kazi ya CNA nje ya chuo bila kibali, hata kama kila mtu kwenye jumuiya anakuambia wengine wanafanya. Kazi hiyo inaweza kukuharibia hadhi yako ya uhamiaji na kufuta mpango mzima. Kazi ndani ya chuo, hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, inaruhusiwa.

Kama ulisoma nyumbani

Krediti za chuo cha Kenya, Tanzania au Uganda zinaweza kuhesabiwa zikitathminiwa na taasisi inayotambuliwa na chuo unachokwenda. Na kama tayari ni muuguzi aliyesajiliwa nyumbani, pengine huna haja ya kurudi darasani. Waulize Baraza la Uuguzi la jimbo kuhusu tathmini ya vyeti, inayofanywa na taasisi kama ile iliyojulikana miaka mingi kwa jina la CGFNS, kisha ujiandae kwa NCLEX. Wapo wauguzi wenye uzoefu walioanza upya kama CNA na kukaa hapo miaka mingi kwa kukosa taarifa hii tu.

Karatasi tatu kabla ya kuaga

Kabla hujaandika barua ya kuacha chuo ulichopo, uwe na karatasi tatu mkononi: barua ya kupokelewa iliyotaja programu ya uuguzi yenyewe, au inayosema wazi masharti ya kuingia; tathmini ya krediti, somo kwa somo; na hesabu ya karo ya miaka yote iliyobaki, ikionyesha nani analipa nini. Wakalishe wazazi au ndugu wanaokusomesha uwaonyeshe zote tatu, ili wajue muda umeongezeka kiasi gani na kwa sababu gani. Ikikosekana moja, endelea kusoma pale ulipo, chukua somo jingine la sayansi, na uombe tena msimu ujao. Uuguzi unahitaji watu wanaojua kukagua mara mbili kabla ya kutenda, na unaweza kuanza kuwa mtu huyo kwenye uamuzi huu.